Ukuta Unaonenepa

Kila asubuhi, kabla ya chai, mimi humsuka mama nywele. Yeye huketi kwenye mkeka akanyoosha miguu, mimi hukaa nyuma yake juu ya kibao cha mbuzi. Nampaka mafuta ya nazi, nagawa kichwa mafungu sita, naanza kusuka upande wa kulia. Nywele zake zimebaki chache, laini kama sufi, na kila fungu huwa jembamba kuliko la jana. Hatuzungumzi. Nje jirani hufagia uwanja, kuku hutafuta mchwa, na sisi tumo ndani ya kimya chetu kama watu waliomo ndani ya chandarua.

Asubuhi ile, nilipofika fungu la nne, kitana kilikwama. Nikadhani ni fundo. Nikavuta polepole, likatoka bonge la chokaa.

Halikuwa vumbi. Lilikuwa bonge gumu, kubwa kama punje ya hindi, na upande mmoja lilikuwa na michirizi ya brashi ya makumbi, kana kwamba limebanduka ukutani. Nikaliweka kiganjani. Lilikuwa na joto.

"Yako mengine," mama akasema bila kugeuka. "Usiyatoe. Niache hivyo hivyo, nipe buibui langu. Leo tunakwenda mjini."

"Mji gani, mama?"

"Kwani nina mingapi?"

Alisimama na mafungu matatu yaliyosukwa na matatu yaliyo wazi, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Mama haoni. Utando mweupe ulianza kumfunika macho mwaka juzi, ukaanzia pembeni ukaja katikati, kama mtu anayepaka dirisha kwa utaratibu. Kabla ya hapo, kila mwaka, siku chache kabla ya mwezi wa kufunga, alikuwa akienda mji huo peke yake. Alirudi baada ya siku tatu na chokaa kwenye nyayo. Hata mwaka jana, alipokuwa haoni chochote, alikwenda. Hakuwahi kunichukua, nami sikuwahi kumwuliza anafuata nini. Mimi si mtu wa kuuliza. Swali hunifika mdomoni, likaona watu, likarudi.

Tena nilidhani najua.

Ninalijua jambo moja kunihusu, na nimelijua tangu nina miaka saba: kidole changu cha shahada kilimuua baba yangu. Baba aliitwa Msabaha, alikuwa fundi chokaa wa mji ule. Siku moja alichukua patasi, akakwangua ukuta wa msikiti mkuu, mahali padogo kama kiganja, akasoma yaliyokuwa chini. Akaenda sokoni akayasema kwa sauti. Mistari mitatu tu. Jioni watu wa Diwani, mtawala wa mji, wakaanza kumtafuta. Alijificha ndani ya tanuu lake mwenyewe, katika uwazi ulio katikati ya magogo ya mikoko, juu yake matumbawe yamepangwa tayari kuchomwa. Nilikuwa uani nacheza na vigae. Mtu mmoja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa na mwanya na sauti nzuri. "Mwanangu, baba yuko wapi?" Nilikuwa mtoto niliyefunzwa kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa. Nikanyoosha kidole.

Hawakumtoa. Walikoka moto.

Nakumbuka moshi. Sikumbuki sauti. Huenda hapakuwa na sauti, na huenda ilikuwapo nikaifunika. Asubuhi yake mama alinibeba mgongoni tukauacha mji. Tangu siku hiyo hajaniambia, "Ni wewe." Wala hajaniambia, "Si wewe." Kati ya sentensi hizo mbili nimeishi miaka kumi na tisa, nikisoma, nikifaulu, nikipika, nikimsuka. Ni mahali pembamba. Mtu anaweza kuishi pale, lakini hawezi kunyoosha mikono.

Kwa hiyo asubuhi ile, nilipomshika mama mkono tukatoka, nilikuwa nakwenda kusikia hukumu yangu. Nilikuwa naiogopa, na nilikuwa naitamani kama mgonjwa anavyotamani homa ipande mpaka ikatike.

*

Njia siikumbuki. Tulitoka mlangoni mwetu tukaingia langoni mwao.

Jua la mji ule liko utosini. Haliendi. Kuta za nyumba hazina vivuli, na bahari inayong'aa nyuma ya mapaa haipandi wala haishuki. Muadhini aliadhini adhuhuri tulipokuwa langoni, akaadhini adhuhuri tena tulipopita kisimani, na watu walisali zote mbili bila kushangaa. Nilijikuta nikimwuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akisugua nyayo kwenye jiwe la kutawadhia hii ni adhuhuri ya siku gani. Alinitazama kwa huruma. "Ya leo, mwanangu," akasema. "Kuna nyingine?"

Na msikiti wenyewe. Nimesoma habari za misikiti ya kale katika vitabu vya chuo, nikachora ramani zake kwa mtihani, lakini karatasi haina uzito. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kutisha. Kuta za matumbawe zilipanda nyeupe, mviringo, bila pembe hata moja iliyobaki kali. Juu yake yalikuwa makuba manane, kila kuba kama goti la mtu aliyelala chini ya shuka. Pembeni lilisimama kaburi la mnara la mtu ambaye hakuna anayelijua jina lake, kwa sababu jina limo ndani ya chokaa. Niliupima msikiti kwa hatua zangu kwa nje: hatua arobaini upande wa kibla, hatua sitini ubavuni.

Mlangoni, kwenye kiti cha ukindu, aliketi mwanamke mnene mwenye kikapu cha makaa mapajani na ndoo ya chokaa miguuni. Mbele yake palikuwa na foleni ya watu waliotazama chini. Alikuwa akiwahoji mmoja mmoja.

"Maneno mangapi?"

"Kumi na mawili, Bi Hidaya."

"Mwisho saba."

"Lakini dhambi yangu ina mistari miwili!"

"Basi ifupishe. Au mwakani ufanye dhambi fupi. Mwingine!"

Watu wakacheka kidogo kidogo, kwa puani, kama wanaocheka msibani. Zamu yetu ilipofika, Bi Hidaya alinikazia macho, akaachia kikapu, akanishika mashavu kwa mikono yake myeusi kwa makaa.

"Mwanatumu! Shoga yangu we! Hubadiliki! Unakula nini?"

Mwanatumu ni jina la mama. Nilitaka kusema hapana. Lakini katika mji ule, mtu akikuita kwa furaha namna ile, kukataa ni kama kumwaga chakula. Nikaitika. Na nilipoitika nilihisi magoti yangu yakiwa mazito, na mgongoni uzito wa mtoto aliyelala.

"Huyo ni mwanangu Mishi," mama akasema. "Mwanatumu ni mimi."

Bi Hidaya akamgeukia. "Wewe? Wewe si mama yake Mwanatumu? Si tulikuzika wewe?"

"Nimezeeka tu, shoga."

"Ah! Umefanya haraka ya nini?" Akampungia mkono mbele ya macho. "Na huoni. Ndiyo maana! Mwaka jana uliandika kwa kupapasa, mstari wako ukapanda juu ya mstari wa mwenzio, yakachanganyika. Tukapata ugomvi. Ugomvi, Mwanatumu! Wa kwanza katika miaka mia mbili. Mwaka huu huandiki, utaandikiwa."

Vidole vya mama vilinibana mkono.

"Na anayeandika ni wa damu," Bi Hidaya akaendelea, akichagua kaa kikapuni. "Mgeni akiandika, atasema. Wa damu ana aibu, na mwenye aibu hasemi. Umemleta vizuri." Akanipa kaa. "Saba. Usizidishe."

*

Hivi ndivyo walivyo. Nimeyapata kwa kusikiliza foleni, maana mtu mwenye haya husikia mengi.

Zamani msikiti ule ulijengwa wazi na wenye mwanga, nguzo zake za pembe nane ungeweza kuzikumbatia kwa mikono miwili. Mihrabu ilipambwa kwa bakuli za kauri za rangi ya bahari. Kila mwaka, kabla ya mfungo, kuta zilipakwa chokaa, kama inavyofanywa popote. Kisha mtu mmoja, aliyekuwa amemdhulumu jirani yake na akaona vigumu kumwambia, alikwenda siku ya kupaka na kuandika ukutani kwa makaa: nimekudhulumu. Brashi ikapita. Akarudi nyumbani mwepesi. Jirani hakujua kitu. Akamwambia rafiki yake jinsi alivyolala vizuri.

Mwaka wa pili waliandika kumi. Mwaka wa tatu mji mzima. Diwani wa kwanza aliposikia, alitoa makaa bure. Diwani wa pili alitoa chokaa bure. Diwani wa tatu hakuhitaji kutoa kitu, maana watu walikuwa wamesahau namna nyingine. Hata Diwani wa sasa huandika. Huandika wa kwanza, peke yake, mlango umefungwa, na wanasema huwa hana kikomo cha maneno.

Huo ndio mji wenye amani kuliko yote. Hakuna kesi. Hakuna talaka yenye kelele. Mama wa mtoto aliyepotea hukutana kisimani na aliyempoteza, wakaulizana hali. Na kila mwaka kuta hunenepa unene wa brashi moja. Brashi moja ni nini? Ni unene wa ganda la yai. Lakini ganda la yai na uzito wa maneno yaliyo chini yake, mara miaka mia saba, pande zote nne, na nguzo zote, na dari. Msikiti uliojengwa kwa watu mia nne sasa unaingia watu wawili, wakisimama uso kwa uso. Watu husali nje juani. Wakiulizwa kwa nini hawakwangui, husema kukwangua ni kutukanana.

Nimekuwa najiuliza tangu siku ile, na swali hili haliniachi nilale: jambo lililofunikwa liko, au haliko? Likiwa haliko, ukuta unanenepa kwa nini? Na likiwa liko, sisi tunaotembea juu ya amani hii tunatembea juu ya nini? Nilipokuwa foleni niliwaza kwamba huenda kila nyumba ina msikiti wake. Kwamba chumba chetu, mimi na mama, kilikuwa kipana nilipokuwa mtoto, na nilidhani kimekuwa kidogo kwa sababu mimi nimekua.

Nimekua.

Au kimenenepa.

Chokaa ya mwaka ule. Ile iliyotoka katika tanuu la baba. Wanasema ilikuwa nyeupe kuliko ya miaka yote, wakaisifu. Waliipaka. Ipo. Ni tabaka la kumi na tisa ukihesabu kutoka juu. Mtu anasali akiielekea.

Kidole hiki. Nimekiwekea pete. Nimekifunga kitambaa. Shuleni nilijifunza kushika kalamu kwa vidole vingine, mwalimu akanicheka, nikasema kinauma. Hakikuwa kinauma.

*

"Ingieni," Bi Hidaya akasema.

Mlango ulikuwa wa watu wazima kwa nje na wa mtoto kwa ndani. Tuliinama. Ukuta ulikuwa pande zote, wa baridi kwanza, kisha wa vuguvugu kama ubavu wa mnyama. Nilipita na bega moja mbele, nikimvuta mama, hatua baada ya hatua, mpaka tukafika mahali pa kusimama. Mwanga ulitoka juu, katika tundu dogo la kuba. Nilitafuta mihrabu. Palikuwa na kishimo tu katika ukuta, na katika kishimo ukingo wa bakuli moja la kauri uliochomoza kama ukucha. Kati ya mgongo wangu na ukuta hapakuwa na nafasi ya mkono. Kati yangu na mama palikuwa na pumzi zetu.

Sikuwahi kuutazama uso wa mama kwa karibu vile. Mimi hukaa nyuma yake siku zote.

"Uko tayari?" akauliza.

"Niko tayari, mama."

Kaa halishikiki vizuri bila kidole cha shahada. Nilijaribu. Lilianguka mara mbili. Mara ya tatu nikalishika kama linavyoshikwa.

"Andika: Mtoto."

Nikaandika pembeni mwa sikio lake, ukutani. Mwandiko wangu ulikuwa wa kitoto.

"Andika: alionyesha."

Nikaandika. Basi ndiyo hiyo, niliwaza. Imekuja. Nilidhani nitaanguka, lakini hapakuwa na pa kuangukia. Nikangoja maneno matano yaliyobaki.

"Futa," mama akasema.

Nikafuta kwa kiganja. Ukuta ukabaki na wingu la kijivu.

"Andika: Mume wangu." Nikaandika. "Futa. Andika: Siku ya tanuu." Nikaandika, nikasikia meno yake yakigongana. "Futa. Futa hilo."

"Mwanatumu!" Bi Hidaya akaita kutoka nje, sauti ikifika kama kutoka kisimani. "Watu wamepanga foleni tangu adhuhuri!"

"Adhuhuri ipi?" mwanamume mmoja akadakia, na kile kicheko cha puani kikapita foleni nzima, kikafa. Kisha nikazisikia brashi za makumbi zikisugua upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wameanza kupaka nje.

Nilimwonea mama huruma. Hilo ndilo lililonitoa sauti, wala si ujasiri. Ujasiri sina.

"Mama, sema tu," nikamwambia. "Nalijua ninaloliandika. Nimelijua tangu nina miaka saba. Ni kidole changu. Niliwaonyesha. Sema niandike, twende nyumbani ukapumzike."

Macho yake meupe yalinigeukia. Hayaoni, lakini yalinipata.

"Unajua nini wewe?"

"Kidole changu, mama."

"Kidole chako." Akavuta pumzi, kifua chake kikagusa changu. "Kiliwaonyesha nini ambacho walikuwa hawakijui? Siku tatu walimzunguka pale. Walikuwa wanaogopa kumtoa, maana akitoka atasema tena. Walikuwa wanatafuta moto, Mishi. Moto tu."

Sikuelewa. Nilikuwa bado nimeinua kaa.

"Walianza kwangu," akasema. "Kabla hawajaja uani ulikokuwa. Walibisha hodi kwa adabu. Yule mwenye mwanya alikuwa na kigae mkononi. Akasema, 'Mama, tunaomba moto.' Na kwetu moto haunyimwi, hata adui akija kuomba unampa. Nikainama mekoni. Nikamtilia kaa."

"Hukujua ni la nini," nikasema. Sikuwa nauliza. Nilikuwa nampa njia, naye alikuwa na haki ya kupita, na ningemshika mkono tukapita wote.

Mama hakupita.

"Nilijua. Mimi ndiye niliyempangia mawe juu yake. Nilijua amelalia ubavu gani." Sauti yake ilikuwa inapanda. Sijawahi kumsikia mama akisema kwa sauti ile, wala sijui alikuwa ameiweka wapi. "Ningesema moto umezimika. Watu husema hivyo kila siku. Maneno mawili, Mishi, 'moto umezimika', wangekwenda kwa jirani, angepata muda wa kutoka. Nikawatazama. Nikachagua kaa kubwa."

Brashi za nje zilinyamaza, moja baada ya nyingine.

"Kwa nini, mama?"

"Alikuwa amesema atakwangua ukuta wote. Usiku alikuwa akinihesabia majina. Kila tukisikia hatua njiani nilikuwa nakuziba mdomo ulale. Nilichoka kuogopa." Machozi yalimtoka yakiwa meupe, yakiacha njia mashavuni. "Nilitaka yaishe. Ndivyo nilivyotaka. Wewe uliponyoosha kidole walikuwa wameshika kaa langu tayari. Walikuuliza tu ili aibu ibaki kwetu. Nikakuona. Nikaona umeanza kukificha kidole nyuma ya kanga yangu, nikajua unafikiri nini, nikakuacha ufikiri. Kila mwaka nilipanga nikirudi nitakwambia. Nikifika mlangoni nakuta umeshachemsha chai."

Nje mtu alikohoa. Bi Hidaya hakuita tena.

Mkono wangu, kwa utii ulioupata tangu utoto, ulikuwa umekwenda ukutani wenyewe na kuanza. Nilikuwa nimefika *Nilitaka ya*. Mama akaisikia sauti ya kaa likikwaruza. Akapapasa hewani, akanipata kwenye kifundo cha mkono, akateremka mpaka vidoleni, akanifungua kimoja kimoja hadi kaa likaanguka miguuni petu.

"Usiandike," akasema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Ukuta umeambiwa mara kumi na tisa. Aliyekuwa hajaambiwa ni wewe."